Kurasa Ambazo Babu Hakusomewa

Kila siku saa kumi alasiri msichana yule alivua viatu mlangoni, akanywa bilauri moja ya maji, akaingia chumba cha nyuma na kusema, "Shikamoo Babu. Tulifika wapi?" Babu yake hakuwahi kukosea. Alitaja ukurasa kwanza, ndipo akaitikia. "Mia moja na kumi na mbili, juu kabisa. Marahaba, mjukuu wangu."

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha kazi. Humo mama yake, fundi wa nguo, alishona tangu asubuhi, na nguo za wateja zilijaa hadi kwenye kiti cha wageni, hata mgeni akifika ilibidi akalie suruali ya mtu mwingine. Cha kati walilala mama na binti. Cha nyuma, chenye dirisha kubwa kuliko yote, kilikuwa cha Babu, baba yake mama. Watu walishangaa dirisha kubwa kupewa mtu asiyeona. Babu alisema analipenda jua likimpita usoni, maana humwambia saa bila yeye kumsumbua mtu.

Kwa miaka arobaini Babu alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, enzi zile ambapo kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi kilichookotwa kwa vidole na kupangwa kinyumenyume kwenye fremu. Alisoma vitabu kabla havijawa vitabu. Kiwanda kilipofungwa, alihamia kwenye vitabu vya maktaba ya mtaa, na tangu hapo hakuna mwaka uliopita bila orodha yake. Jumamosi ya pili ya Desemba wasomaji walikusanyika, naye akasimama kuwatajia vitabu alivyovipenda kuliko vyote mwaka huo. Upande wa kushoto wa karatasi vilikaa vitano vya watu wazima, na upande wa kulia vitano vya vijana. Kisha karatasi ilibandikwa mlangoni ikakaa mwaka mzima, na watu wakaazima kwa kuifuata kama wanavyofuata cheti cha daktari. Waliomtania kwamba mzee mwenye mvi anasoma vitabu vya watoto aliwajibu kwamba kitabu kizuri hakimwulizi mtu umri wake.

Lakini nuru ya macho yake ilififia taratibu, na mwaka huo ikazimika kabisa. Ndipo kazi ya kusoma ilipomwangukia mjukuu, aliyekuwa darasa la sita, mwenye sauti safi na ulimi mwepesi. Alisoma mbio bila kupumua, hata Babu akampa jina la Cherehani. Jina likamganda. Mama alilichukua, majirani wakalichukua, na siku moja mwalimu wa hesabu naye alijisahau akalitaja mbele ya darasa zima.

Mwanzoni Cherehani aliifurahia kazi ile. Walisoma *Wasichana wa Zamu ya Pili*, kitabu cha vijana kuhusu wanafunzi wanaoingia shuleni mchana kwa sababu asubuhi madarasa yamejaa, wakacheka hadi mama akaja mlangoni na pini mdomoni kuuliza kulikoni. Babu alikuwa msikilizaji mzuri. Aliguna mahali pa kuguna, na jambo likimchoma alisema wazi kwamba limemchoma.

Kisha ukaja mpira wa pete. Mwezi wa nane Cherehani alichaguliwa kuingia timu ya shule, nafasi ya mfungaji, na mazoezi yalikuwa saa kumi na moja kamili. Nahodha wao, msichana mrefu waliyemwita Goli, hakuwa na mchezo na wachelewaji. Ukichelewa mara tatu, nafasi yako ilipewa mwingine. Basi saa moja ya kusoma ikawa nusu saa, na nusu saa ikawa dakika ishirini, ilhali Babu aliendelea kutaka sura nzima kila siku.

Hapo ndipo Cherehani alipojifunza kuruka. Siku ya kwanza aliruka aya moja tu iliyoeleza mvua, kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya. Alimtazama Babu kwa jicho la pembeni, akaona ametulia tuli. Siku ya pili aliruka kurasa mbili za watu wanaobishana juu ya ng'ombe. Wiki iliyofuata aliruka nusu sura, akaunganisha huku na huko kwa maneno yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilikuwa kikijaa mambo ambayo babu yake hakusomewa.

Kitabu kilichokuwa mkononi kiliitwa *Mlinzi wa Lango la Reli*, cha watu wazima, kurasa mia nne na ushee. Kilimhusu mzee aliyelinda lango pale barabara inapokatana na reli. Aligombana na mwanawe wa pekee, mwana akaondoka kwa hasira, na miaka nenda miaka rudi mzee akawa anafunga na kufungua lango lake huku akitazama kila garimoshi linalopita. Katikati ya Septemba, siku moja kabla ya mechi ya kwanza, zilikuwa zimebaki sura tatu. Cherehani hakuzipitisha hata machoni. Alifunua ukurasa wa mwisho kwa ajili ya sauti ya karatasi tu, akatunga mwenyewe. Garimoshi likasimama, alisema, na mwana akashuka na sanduku lake. Akamwendea baba yake, akasema, "Nisamehe, Baba," wakaingia ndani wakala chakula. Kisha akafunga kitabu kwa kishindo kidogo, isikike kwamba kimekwisha.

Babu alipofungua mdomo, sauti ilikuwa imelowa.

"Alirudi mwenyewe," alisema.

"Ndiyo, Babu."

"Bila kuitwa."

"Bila kuitwa."

Babu alikichukua kile kitabu, akalipapasa jalada lake kwa vidole vyote kumi, akasema Desemba bado iko mbali lakini namba moja ya mwaka huu ameshaipata. Cherehani alikuwa tayari amesimama, kiatu kimoja mguuni. Aliwahi mazoezi, na jioni ile alifunga mabao sita.

Sasa, kulikuwa na jambo katika nyumba ile ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja mezani. Mama alikuwa na kaka. Siku kiwanda cha uchapaji kilipofungwa, Babu alirudi nyumbani na vidole vyeusi kwa mara ya mwisho, na mwanawe, fundi wa majokofu, akamwambia asihuzunike, kazi ile ilikuwa imekufa siku nyingi, na maiti huzikwa. Alisema kwa mzaha wa kijana asiyejua pa kuuweka mzaha wake. Babu alimjibu asikanyage tena nyumba ile mpaka aje kuomba radhi. Mwana akasema hana kosa la kuombea radhi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kichwa kigumu ana kichwa kigumu. Alihamia mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na miaka kumi na mmoja ikapita. Mama aliongea naye kwa simu jikoni, kwa sauti ya chini. Cherehani hakumjua mjomba wake ila kwa picha.

Mwezi wa kumi miguu ya Babu ilianza kuvimba. Daktari alimpima, akampa dawa, kisha akamwita mama pembeni na kumwambia kwamba moyo wa mzee umechoka. Dawa zingeusaidia, hazingeufanya mpya. Kama kulikuwa na ndugu walio mbali, ilikuwa vizuri waarifiwe. Jioni ile mama alipiga moyo konde, akamwomba baba yake ruhusa ya kumwita kaka yake. Cherehani alikuwa akiosha vyombo nyuma ya ukuta, akasikia yote.

"Usimwite," Babu alisema. "Yule mwana wa mlinzi wa lango, nani alimwita? Alirudi mwenyewe. Kazi ya baba ni kungoja mlangoni. Atakuja tu."

Mama aliuliza huyo mlinzi wa lango ni nani tena. Babu akasema habari yake ni ndefu, amwulize Cherehani. Cherehani akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. Kitu kilimchoma ndani kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo mpya. Lakini alijiambia kwamba mwisho alioutunga ulikuwa mzuri, ulimfurahisha mzee, na huenda mjomba angekuja kweli. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Oktoba ikaisha, Novemba ikaisha, na mjomba hakuja. Babu sasa hakutoka kitandani. Aliegemea mito miwili, uso dirishani, na kila basi lilipofunga breki barabarani aliinua kichwa kidogo. Mama aliiona ile ishara, akadhani ni kelele zinamsumbua, akamshonea pazia zito. Babu aliomba liondolewe.

Jumatano ya wiki ya mkutano wa wasomaji, Babu alimwambia mjukuu wake achukue kalamu. Alimtajia orodha polepole, akipumzika kati ya kitabu na kitabu. Vya vijana alivimaliza kwanza, na *Wasichana wa Zamu ya Pili* kikashika namba moja. Vya watu wazima alivianza kutoka cha tano kupanda juu. Alipofika cha kwanza hakuhitaji kukitaja. Cherehani alikiandika mwenyewe, mkono ukiwa mzito. Babu akamwagiza aipeleke karatasi maktaba, na aseme kwamba Jumamosi atakuja hata kwa kubebwa, kwa kuwa ana jambo la kuwaambia watu kuhusu kitabu kile.

Mkutubi walimwita Bi Kimya, kwa neno alilolitumia kuliko yote, naye alilipokea jina hilo kama cheo. Alhamisi saa nane, shule ilipofungwa mapema kwa ajili ya mechi ya fainali, Cherehani alimkabidhi ile karatasi. Bi Kimya aliisoma yote akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Nilijua babu yako atakipenda hiki," alisema. "Mimi nililia pale yule mzee alipofunga lango lake, akatundika ufunguo msumarini, akaondoka kwa miguu kumfuata mwanawe. Jumamosi tutamwomba atuambie juu ya mwisho ule."

Cherehani alisema ndiyo, bila kujua anakubali nini, kisha akakiomba kitabu. Aliketi sakafuni kati ya rafu mbili, akafungua zile sura tatu, na kwa mara ya kwanza akazisoma.

Hakuna garimoshi lililosimama. Reli yenyewe ilikuwa imefungwa, nyasi zimeota kati ya vyuma, na mzee bado alikuwa akilinda lango lisilopitwa na kitu. Asubuhi moja alijiuliza anamngoja nani, ikiwa mwana naye anangoja huko aliko. Akatundika ufunguo, akaifuata njia ya reli kwa siku nne, viatu vikamwishia miguuni. Mwanawe alipofungua mlango, mzee alisema, "Haki ilikuwa yangu, lakini nimechoka kukaa nayo peke yangu." Mwana akaenda kuleta maji ya kumwosha baba yake miguu, na hapo kitabu kikaisha.

Cherehani alilia kwa sauti, na Bi Kimya, kwa mara ya kwanza katika historia ya maktaba ile, hakumwambia anyamaze. Kwanza alililia aibu. Jumamosi Babu angesimama mbele ya watu wanaomheshimu na kuwasimulia mwisho usiokuwepo, nao wangetazamana. Kisha wazo la pili likaja, likalimeza lile la kwanza. Babu alikuwa akimngoja mjomba kwa sababu ya mwisho ule. Kila basi lililofunga breki barabarani, aliinua kichwa. Alikuwa akingoja garimoshi ambalo yeye Cherehani ndiye aliyelitunga, na moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alikwisha kusema.

Alikiazima kitabu, akaenda nyumbani mbio. Goli alimkuta mlangoni, amevaa sare ya timu, akamwuliza mbona hajavaa yake, fainali ni saa kumi na moja na wenzake wanamsubiri. Cherehani akasema haendi. Goli alimkumbusha kwamba nafasi yake atapewa mwingine, na si kwa leo tu.

"Mpe," Cherehani alisema, akaingia ndani.

Babu alikuwa macho. Alishangaa kumsikia mapema, akamwuliza kama amefukuzwa shule. Cherehani aliketi kwenye kigoda chake, na ujasiri wote aliokuja nao ukamtoroka. Badala ya kusema lililompeleka, aliuliza kama hawawezi kukishusha kile kitabu cha lango hadi namba tano.

"Kwa nini?"

Babu akageuza uso kutoka dirishani, akamngoja.

"Kwa sababu sikukusomea, Babu. Zile sura tatu za mwisho sikuzisoma. Nilikuwa nakimbilia mpira. Mwana hakurudi. Nilitunga."

Katika chumba cha mbele cherehani ya mama, ile ya kweli, ilikuwa ikilia kwa kasi. Ikanyamaza. Cherehani alitamani angepigwa, au angegombezwa, yaishe. Lakini mzee alinyoosha mkono tu na kupapasa blanketi mahali pamoja, kama mtu anayetafuta herufi iliyoanguka.

"Ya mvua nilisikia ulivyoyaruka," Babu alisema hatimaye. "Na ya wale wenye ng'ombe. Miaka arobaini nimepanga herufi, mjukuu wangu, neno likikosekana mimi huhisi shimo. Nikanyamaza. Nilisema mtoto naye ana miguu, inataka kukimbia. Lakini mwisho ule sikuhisi shimo lake. Unajua ni kwa nini?"

"Sijui, Babu."

"Niliutaka. Uliniambia nililotaka kusikia, nikawa kipofu mara mbili." Akavuta pumzi. "Haya. Soma."

Alisoma. Hakuruka aya, hakuruka sentensi, wala hakukimbia. Uwanjani nyuma ya shule walipiga kelele za bao, mara moja, kisha tena, na sauti ikafika hadi dirishani, lakini hakuinua macho. Mama alikuja akasimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni. Mlinzi alipotundika ufunguo, Babu alifumba macho. Mlinzi alipofika mlangoni kwa mwanawe, Babu aliomba mahali pale parudiwe. Cherehani akaparudia. Jua lilikuwa limeshuka hadi kidevuni mwa Babu, na Babu akajua saa.

"Mwambie mama yako alete simu," alisema.

Mama aliibonyeza namba, akamwekea sikioni. Babu aliishika simu juu chini, mama akaigeuza. Kisha mzee mwenye maneno yote ya vitabu vyote alikaa bila neno, na mtu wa upande wa pili akawa anaita "Haloo? Haloo?"

"Ni mimi baba yako," Babu alisema. "Kazi yangu ilikuwa imekufa kweli. Uliniambia ukweli siku mbaya. Ningekufuata kwa miguu, mwanangu, lakini miguu imenigomea. Njoo."

Hata pale alipoketi, Cherehani alimsikia mwanamume mzima akilia ndani ya kile kijisimu.

Mjomba aliwasili Ijumaa jioni, mfuko mmoja mkononi, nywele za pembeni zimeingia mvi ambazo kwenye picha hazikuwepo. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Aliomba beseni, akatia maji ya uvuguvugu, akapiga magoti na kuosha ile miguu iliyovimba, ingawa kitabu kile hakuwahi kukisoma. Mama na Cherehani walitoka wakawaachia chumba.

Jumamosi Babu hakwenda mkutanoni. Alisema ana mgeni. Alimtuma Cherehani na nakala mpya ya orodha ileile, haijabadilika nafasi hata moja, ila chini ya namba moja yameongezwa maneno mawili: *Kisomwe chote.* Wasomaji walipouliza maana ya maneno yale, Cherehani alisimama mbele yao, akawaeleza alichokifanya. Hakuna aliyecheka. Bi Kimya aliibandika karatasi mlangoni, akamwambia kwamba kati ya orodha zote za babu yake hii ndiyo atakayoitunza.

Babu aliishi siku tisa tangu mwanawe arudi. Katika siku hizo alimweleza mwanawe jinsi risasi ilivyoyeyushwa, na mwana akamweleza jinsi jokofu linavyotoa joto ili litengeneze baridi, jambo ambalo Babu alilikataa kabisa hadi mwisho, akisema ni uongo wa mafundi. Walicheka. Siku moja alimwita Cherehani peke yake, akamwambia kwamba ule mwisho wake haukuwa mbaya. Siku akiandika kitabu chake mwenyewe autumie, ila asiutie tena katika kitabu cha mwenzake. Jumapili asubuhi, jua lilipofika kwenye shavu lake, Babu aliaga dunia, mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe.

Walimzika Jumatatu. Waombolezaji walipotawanyika, mjomba, aliyekwisha kuelezwa na Babu kisa cha ule mwisho wa kutungwa, aliketi kwenye ukingo wa kile kitanda kitupu, akamwuliza Cherehani kwa upole walikimaliza lini kile kitabu, ile mara ya kwanza.

"Septemba," Cherehani alisema.

Mjomba alihesabu kwa vidole. Oktoba, Novemba, Desemba. Akavitazama vidole vitatu, akavikunja, akaiweka ngumi mapajani. Hakumlaumu. Alimpapasa kichwa, akatoka nje kusimama peke yake. Cherehani hakuwahi kupewa adhabu kubwa kuliko ile.

Mama alimkuta amejikunyata kitandani mwa babu yake, analia hadi kifua kinauma. Akaketi, akamweka kichwa mapajani, akamwacha alie kwanza. Cherehani aliuliza kama Babu alimsamehe kweli.

"Alikusamehe kabla hujamaliza kusema," mama alijibu. "Mjomba wako naye atakusamehe, na mimi nimekusamehe. Sikiliza lakini. Mshono ulioruka hauonekani siku ya kwanza. Nguo inapendeza, mteja anaondoka anatabasamu. Unafumuka siku anapoinama, naye fundi hayupo. Nguo nyingine hurudishwa nikaishona upya. Ile miezi mitatu, mwanangu, hakuna fundi wa kuishona. Ungeweza kunyamaza hata Alhamisi ile, na Babu yako angekufa akiwa anangoja. Hukunyamaza, ndiyo maana wakapata siku zile tisa. Kumbuka yote mawili, usiache moja. Na mtu akikukabidhi kazi asiyoweza kuiona, hiyo ndiyo uifanye kwa uaminifu kuliko zote, kwa sababu amekukabidhi macho yake."

Cherehani aliitikia kwa kichwa, akakausha uso kwa kiganja.

Kesho yake saa kumi alasiri alivua viatu mlangoni, akanywa bilauri ya maji, na kwa mazoea akaingia chumba cha nyuma. Alimkuta mjomba ameketi karibu na dirisha. Kitabu cha lango la reli kilikuwa magotini mwake, bado hakijarudishwa maktaba. Alisema yeye si msomaji, macho yake yamezoea nyaya, lakini angependa kujua baba yake alisikia nini siku ile kabla ya kupiga simu. Akamwuliza kama anaweza kumsomea zile sura tatu.

"Tuanze mwanzo, Mjomba," Cherehani alisema. "Hata mimi sijakisoma chote."

Akavuta kigoda, akafungua ukurasa wa kwanza, ule wenye mvua, akausoma wote.